Umeme wa Bustani ya Chumbani: Mjadala wa Sauti Tano

Kupata taa za kukuzia mimea Dar es Salaam siku hizi si kazi. Unaagiza kwa simu, bodaboda anakufikishia mlangoni, na jioni hiyohiyo chumba cha nyuma kimejaa mwanga wa zambarau. Soketi inatafutwa mwisho. Hesabu ya uniti inakuja mwisho kabisa, LUKU, ile mita ya kulipia kabla, ikishaanza kulia. Mimi nasema mpangilio huo umekaa kinyume, na kinyume chake kina gharama: kuna anayepoteza mtaji, na kuna anayepoteza nyumba.

Ili jambo hili lisibaki la upande mmoja, nimewaunda wazungumzaji watano na kumpa kila mmoja hoja ambazo watu wa nafasi yake huzitoa kweli. MPANDAJI ni dada aliyepanga ghorofa ya kwanza ya nyumba moja Tabata, hana uwanja, na ana chumba cha ziada cha mita tatu kwa tatu. FUNDI ni fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. BWANA SHAMBA ni mstaafu aliyefanya kazi Lushoto kwa miaka mingi. MWENYE NYUMBA ni mama anayeishi chini, na nyumba nzima ina LUKU moja. KAKA WA TORONTO ni kaka yake Mpandaji. Huyu anaongea kwa simu.

MPANDAJI: Shikamoo mzee. Shikamoo mama. Fundi, karibu. Nisiwazungushe. Nataka kulima saladi chumbani. Hoteli na migahawa ya Masaki na Msasani wanaitafuta mwaka mzima, na nyingi inashuka na malori kutoka Lushoto na Arusha. Ikifika hapa imeshalegea. Mimi nitaivuna asubuhi na kuifikisha kabla ya saa sita. Nimeona taa, rafu mbili za ngazi tatu tatu, pampu ya maji na feni. Ninachotaka kwa fundi ni soketi ya kuchomeka.

BWANA SHAMBA: Marahaba binti. Kabla fundi hajatoa bisibisi, niambie: kwa nini saladi isilimwe nje?

MPANDAJI: Mzee, nje wapi? Nina kibaraza cha kuanikia nguo. Na hata ningekuwa na uwanja, saladi ya Dar mwezi wa pili inatoa ua kabla haijafunga kichwa, na majani yanakuwa machungu.

BWANA SHAMBA: Hapo umesema kweli. Saladi inapenda nyuzi 15 hadi 22. Hapa mwezi wa pili mchana tunafika 32. Hata mbegu yake, udongo ukipita nyuzi 28 au 30, inakataa kuota. Ndiyo maana Lushoto, mita 1,400 juu ya bahari, imeilisha Dar miaka yote. Lakini angalia unachokikimbia. Unakimbia joto. Mwanga tunao mpaka wa kumwaga. Halafu unataka kununua mwanga, nao mwanga utakuletea joto.

Nimsimamishe mzee hapa, kwa sababu ameshika jambo ambalo wauzaji wa taa hawalisemi. Karibu wati zote zinazoingia kwenye taa ya LED huishia kuwa joto ndani ya chumba. Sehemu moja inatoka mara moja kwenye taa yenyewe. Nyingine inatoka kama mwanga, inagonga majani, kuta na rafu, kisha inageuka joto. Mmea unahifadhi kiasi kidogo sana katika majani yake, na maji unayoyapumua yanabaki hewani kama unyevu. Kwa hiyo mpango wa umeme wa chumba cha mimea una vichwa viwili tangu mwanzo: umeme wa kuwasha, na umeme wa kuondoa matokeo ya kuwasha. Anayehesabu kimoja hajahesabu.

FUNDI: Basi tuhesabu. Dada, nitajie ukubwa wa ngazi zako.

MPANDAJI: Kila ngazi mita 1.2 kwa sentimita 60. Ngazi sita.

FUNDI: Mita za mraba 4.32. Mzee, saladi inataka mwanga kiasi gani?

BWANA SHAMBA: Mwanga wa mmea haupimwi kwa wati. Unapimwa kwa moli za chembe za mwanga zinazotua kwenye mita moja ya mraba kwa siku. Saladi inaridhika na moli 12 hadi 17. Nje hapa, siku ya jua, zinashuka karibu moli 40.

FUNDI: Vizuri. Uniti moja ya umeme ikipita kwenye taa nzuri ya LED inatoa kama moli 9. Ukiweka wati 100 kwa kila mita ya mraba, ukawasha saa 16, umetumia uniti 1.6 kwa mita, na mmea umepata moli 14 na kitu. Hizo zinatosha. Kwa ngazi zako zote ni taa 12 za wati 36, jumla wati 432. Zikiwaka saa 16 ni uniti 6.9 kwa siku. Kwa mwezi, uniti 207.

MPANDAJI: Na bei?

FUNDI: Bei ya matumizi ya kawaida, ile T1, EWURA iliiweka shilingi 292 kwa uniti mwaka 2016. Ongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1; unafika 356. Taa peke yake ni karibu shilingi 74,000 kwa mwezi.

MPANDAJI: Hiyo naiweza.

FUNDI: Bado. Feni mbili za wati 40, mchana na usiku: uniti 58. Pampu ya wati 20 isiyozimwa: uniti 14. Sasa mzee amesema nyuzi 22. Chumba cha Tabata mwezi wa pili hakifiki huko kwa feni. Unahitaji kiyoyozi. Hata kile kidogo cha BTU 9,000, kompresa ikifanya kazi, kinavuta kama wati 800. Tuseme kompresa inafanya kazi nusu ya siku tu. Ni uniti 9.6 kwa siku, 288 kwa mwezi. Kiyoyozi kimezipita taa.

MPANDAJI: Jumla?

FUNDI: Uniti 567. Shilingi 202,000 na kidogo, kila mwezi.

BWANA SHAMBA: Na mimi niongeze yangu. Ukipanda kwa nafasi ya sentimita 20, ngazi zako zinabeba vichwa 108. Kutoka kuhamisha mche mpaka kuvuna ni wiki tano mambo yakienda sawa. Hiyo ni kama vichwa 93 kwa mwezi. Gawa.

FUNDI: Kila kichwa kimekula uniti sita. Zaidi ya shilingi 2,100 za umeme tu, hujanunua mbegu, mbolea wala nauli.

Wasomaji wengine watasema hesabu hii ni kali. Si kali. Nimeacha miezi ya baridi, Juni mpaka Agosti, ambapo kiyoyozi kitapumzika zaidi. Lakini pia nimeacha vichwa vitakavyooza, taa zitakazofifia na wiki ambazo hoteli haitaagiza. Uniti sita kwa kichwa ndiyo namba ninayotaka kila mwenye ndoto hii aione kabla hajatuma pesa ya taa.

KAKA WA TORONTO: Dada, samahani nimechelewa kuingia. Mimi huku ninalima mchicha na giligilani kwenye chumba cha chini ya nyumba, majira ya baridi, na inakwenda vizuri. Mbona mnamkatisha tamaa? Mwambie fundi akupe laini ya ampia 15, na usizidishe asilimia 80 ya laini hiyo, yaani wati 1,440. Utakuwa salama.

FUNDI: Kaka, habari za huko. Kanuni yako ni nzuri, ila namba ni za kwenu. Kwenu soketi ni volti 120. Ampia 15 mara 120 ni wati 1,800, na asilimia 80 yake ni hiyo 1,440. Hapa ni volti 230. Mzigo wa wati 1,200 kwako ni ampia 10, kwangu ni ampia 5.2. Dada akichukua wati zako atajibana bure. Akichukua ampia zako bila kufikiri atachanganyikiwa anunue nini. Kuna kingine. Ukimtumia taa, soma kwanza kibandiko chake. Ikisema volti 100 hadi 240, ije. Ikisema 120 peke yake, ibaki huko. Na plagi ya huko ikivishwa adapta ya bei rahisi mara nyingi inapoteza waya wa ethi, nayo taa yenyewe ina bodi ya chuma na iko juu ya maji.

KAKA WA TORONTO: Na joto? Huku joto la taa linanisaidia. Nje ni nyuzi kumi chini ya sifuri.

BWANA SHAMBA: Ndiyo tofauti yetu, mwanangu. Kila wati inayokuwa joto kwako inapunguza kazi ya hita. Hapa wati hiyohiyo inalipiwa mara mbili. Na wewe jua lako la Januari ni fupi na dhaifu, kwa hiyo taa inakupa kitu usichokuwa nacho.

Mzee ana haki, na hoja yake inazidi nguvu pale mtu anaposema, basi niweke sola. Jua la pwani yetu linaleta karibu uniti 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Paneli inachukua kama sehemu moja ya tano, na betri, inveta na nyaya vinakula robo ya kilichopatikana. Unabaki na uniti 0.75. Saladi ya mita moja inataka 1.6. Utafunika zaidi ya mita mbili za paa kwa paneli ili kulisha mita moja ya saladi, wakati jua la mita moja ya paa hilohilo, likichujwa nusu na neti ya kivuli, lingeipa saladi moli 20 bila waya wowote. Sola inafaa kwa mambo mengi ya nyumbani. Kugeuza jua kuwa umeme, na umeme kuwa mwanga wa kupandia, katika mji kama Dar, ni matumizi mabaya ya paneli.

Hata hivyo Mpandaji hajashindwa, na sikutaka ashindwe kwa urahisi. Ana chumba, ana soko, hana ardhi. Kumwambia arudi shambani ni kumwambia asilime.

MPANDAJI: Mzee, nimeelewa saladi hainilipi. Lakini kuna miche ya kuliwa, ile inayovunwa ikiwa na majani mawili tu. Figili, haradali, alizeti, mchicha mwekundu. Wapishi wa hoteli wanaipamba nayo sahani. Inahitaji mwanga kiasi gani?

BWANA SHAMBA: Hapo sasa unazungumza. Mche wa namna hiyo siku zake za kwanza unaishi kwa akiba ya mbegu. Nusu ya mwanga wa saladi inautosha. Na figili au mchicha havilii kwa nyuzi 28, ilimradi hewa inatembea. Adui yako ni ukungu.

FUNDI: Nusu ya mwanga ni taa moja kwa ngazi. Wati 216. Saa 14 kwa siku, uniti 3. Feni zako mbili, uniti 1.9. Kiyoyozi tumekitoa, pampu tumeitoa, unamwagilia kwa mkono. Uniti 148 kwa mwezi.

MPANDAJI: Shilingi 53,000 hivi. Na kila ngazi inabeba trei nne. Ngazi sita, trei 24. Zikivunwa kila siku kumi ni trei 72 kwa mwezi.

FUNDI: Uniti mbili kwa trei. Shilingi 730 na kitu.

Kutoka uniti sita kwa kichwa kimoja mpaka uniti mbili kwa trei nzima: hakuna fundi wala taa ya kisasa ambayo ingeleta tofauti hiyo. Imeletwa na kubadilisha zao. Ndiyo sababu ninashikilia kwamba mpango wa umeme wa bustani ya chumbani unaanza kwenye jani. Ukishajua jani linataka nini, taa, waya na breka vinajipanga nyuma yake.

Lakini waya nao una maneno yake, na hapa ndipo nilipotaka tukae zaidi.

MPANDAJI: Fundi, wati 216 na feni. Hata ampia mbili hazifiki. Si nichomeke tu kwenye ekstensheni ya sebuleni?

FUNDI: Dada, hapo ndipo watu wanapokosea, na wanakosea kwa sababu hesabu yao ya ampia ni sahihi. Nyumba zetu zimefungwa nyaya kwa ajili ya vitu vinavyokuja na kuondoka. Pasi inavuta wati 2,000, ampia karibu 9, lakini ni nusu saa. Birika linavuta kama ampia 9 na nusu, dakika tano. Kiungo kibovu kinapata moto, kisha kinapoa. Bustani haipoi. Inavuta ampia chache, kila siku, saa 14, na wewe umelala au umekwenda kazini.

MPANDAJI: Ampia mbili zitaunguza nini?

FUNDI: Ampia mbili peke yake zingenipa hofu ndogo. Ila soketi yako ya sebuleni haibebi bustani peke yake. Chukua ule mpango wako wa kwanza wenye kiyoyozi: ampia 5.8. Jirani wa chumba cha pili, yuko laini hiyohiyo, akapiga pasi huku birika linachemka. Umefika ampia 24 kwenye breka ya 20. Breka ya 20 haikati hapohapo. Itavumilia, itapata joto, kisha itakata. Kesho tena. Siku ya tatu mtu anaitwa, anaona breka inasumbua, anaweka ya 32. Haikati tena, wote mnafurahi. Lakini waya ukutani ni wa milimita za mraba 2.5, umefungwa ndani ya bomba, katika joto la Dar. Ampia ishirini na kitu ndiyo mwisho wake. Breka haipo kwa ajili ya kulinda taa zako. Ipo kulinda waya. Ukiikuza breka bila kukuza waya, umeondoa mlinzi.

MWENYE NYUMBA: Na hapo kinachoungua ni changu.

FUNDI: Ndiyo mama. Na sehemu ya pili ni viungo. Skrubu ya soketi iliyolegea, au ncha ya waya iliyopata kutu, inaweza kuwa na ukinzani wa nusu omu. Ampia sita zikipita hapo, wati 18 zinabaki kwenye nukta moja. Pasi ya kulehemu ya fundi redio ni wati 25 na inayeyusha risasi. Sasa iweke hiyo ndani ya plastiki ya soketi saa 14 kila siku. Ekstensheni iliyochomekwa juu ya ekstensheni inakupa viungo hivyo sita au saba badala ya viwili.

Haya ya Fundi yanafaa kurudiwa na kila anayeuza taa hizi. Tumezoea kuogopa umeme mwingi. Katika chumba cha mimea cha kumwagiwa maji, kunyunyiziwa na kuachwa kinawaka usiku kucha, cha kuogopa ni umeme wa kiasi usiopumzika, ukikutana na kiungo kibovu na unyevu. Kizito kinachopita haraka nyumba inakistahimili. Chepesi kisichoondoka kinatafuta udhaifu mpaka kinaupata.

MPANDAJI: Basi niambie ungefunga vipi.

FUNDI: Laini yake mwenyewe kutoka kwenye boksi la breka, haina mtu mwingine. Waya wa 2.5, hata kama ampia ni chache, ili kesho ukiongeza ngazi nisibomoe ukuta. Kutoka chini mpaka chumbani kwako ni kama mita 25. Hata ukivuta ampia 6.5, volti zinazopotea njiani hazifiki tatu. Breka ya 16, na ndani yake iwe na RCD ya miliampia 30, kifaa kinachokata umeme unapovuja, maana hapa kuna maji na mikono yenye maji. Ninataka RCD ya chumba hiki peke yake. Ukitegemea moja ya nyumba nzima, siku trei ikimwagikia plagi, friji za wapangaji wote zinazimika, na wataanza kuiruka hiyo RCD.

MPANDAJI: RCD ikiwepo, ethi ya nini tena?

FUNDI: Ethi ndiyo njia ya umeme uliovuja kwenye chuma cha rafu. RCD inaona kwamba umeme umepotea; ethi inauonyesha pa kupita kabla hujawa njia wewe. Nitapima fimbo ya ethi ya nyumba kwanza. Nyumba nyingi zina waya wa kijani na njano unaoishia kwenye fimbo iliyokatika. Kisha rafu zenyewe za chuma nitaziunganisha na ethi.

MPANDAJI: Soketi ziwe wapi?

FUNDI: Juu ya ngazi ya juu kabisa, zisiwe chini ya trei yoyote. Waya wa kila taa ushuke kwanza chini ya plagi kisha upande kuingia, ili tone la maji lidondokee kwenye mkunjo na lisifuate waya mpaka ndani. Na ile fyuzi ya 13 ndani ya plagi ya taa, itoe, weka ya 3. Mstari wa taa wa ampia moja hauna haja ya fyuzi ya 13.

Hayo mawili ya mwisho yanagharimu karibu na bure, na ndiyo ambayo huwezi kuyakuta kwa wengi. Kuhusu waya wenyewe, neno langu kwa msomaji ni moja: Kariakoo waya wa 2.5 wa bei ya kushangaza mara nyingi shaba yake imepunguzwa. Nunua wenye alama ya TBS, na mwache fundi auchune ncha mbele yako.

MWENYE NYUMBA: Mimi bado sijaongea. Mwanangu, nyumba hii ina LUKU moja. Tunagawana kwa vichwa. Wewe utawasha saa 14, mwenye taa moja na redio atalipa sawa na wewe? Hapo ndipo wapangaji wanapogombana mpaka wanahama.

MPANDAJI: Mama, uko sahihi. Nikiomba LUKU yangu mwenyewe je? Nasikia kuna bei ya shilingi 100 kwa uniti.

FUNDI: Hiyo ni D1, ya nyumba zinazotumia mpaka uniti 75 kwa mwezi. Bustani yako peke yake ni 148, hujawasha hata taa ya kulalia. Usiipange biashara juu ya bei ambayo biashara yenyewe itakutoa. Ninachoweza ni kufunga mita ndogo ya ndani kwenye laini ya chumba hiki. Kila mwisho wa mwezi mnasoma pamoja, unalipa uniti zako kwa bei ileile ya LUKU, zinazobaki mnagawana kama zamani.

MWENYE NYUMBA: Hilo nalikubali. Na umeme ukikatika? Mwaka 2023 mpaka mwanzoni mwa 2024 tulikaa kwenye mgao. Sitaki jenereta kwenye ngazi za nyumba yangu.

MPANDAJI: Mama, si sasa kuna bwawa la Julius Nyerere? Megawati 2,115.

FUNDI: Mtambo wa kwanza uliwashwa Februari 2024, na hali imebadilika kweli. Lakini bwawa halizuii mti kuangukia waya wa mtaani kwetu, wala transfoma ya mtaa kuzidiwa. Panga kwamba umeme utakatika. Swali ni kipi kisikatike. Taa zikizimika kwa saa nne, mche hauna habari, utalipwa kesho. Feni ikizimika trei zikiwa zimesongamana na unyevu, ukungu unaanza. Kwa hiyo akiba ni ya feni. Wati 80, na taa ndogo ya kuonea, tuseme 100. Betri ya volti 12 ya ampia saa 100 ina wati-saa 1,200. Ya asidi usitumie zaidi ya nusu, 600. Umepata saa sita, bila moshi wala kelele.

BWANA SHAMBA: Na kama angebaki na saladi ya maji yanayotiririka kwenye mabomba?

FUNDI: Hapo pampu ingekuwa ya kwanza, mzee. Mizizi ile haina akiba ya maji. Mchana wa joto saa chache zinatosha kuinyausha yote.

BWANA SHAMBA: Ndiyo maana nasema udongo na trei ni bora. Vinasubiri.

MPANDAJI: Na saa za kuwasha? Nilifikiri asubuhi mpaka usiku, kama jua.

FUNDI: Geuza. Washa saa nne usiku, zima saa sita mchana. Bei ya uniti ni ileile saa zote, hilo halibadiliki. Lakini usiku chumba kimepoa, na umekwepa kuanzia saa moja jioni hadi saa nne usiku, ambapo mtaa mzima unapika na volti zinashuka. Taa nzuri ya LED volti zikishuka haipunguzi kazi; inavuta ampia zaidi ili kufidia. Tumia taima, na usiwashe ngazi zote sita kwa dakika moja. Zipishane. Umeme ukirudi baada ya kukatika, uwe na kifaa kinachosubiri dakika kadhaa kabla ya kuupokea, kama wanavyofunga kwenye friji.

BWANA SHAMBA: Binti, mimi sijageuka. Kama mama angekuruhusu paa, kwa neti ya kivuli na neti ya kuzuia inzi weupe, ungelima mara nne ya hicho chumba, na LUKU isingejua.

MWENYE NYUMBA: Paa ni la bati, mzee. Na lina miaka yake.

BWANA SHAMBA: Basi kwa sasa sina la kupinga. Ila mbegu ya saladi akitaka kuijaribu Juni, ailoweshe kwenye friji siku mbili kwanza. Chumbani iote, kibarazani ikue chini ya neti. Umeme utumike siku chache tu ambazo hauna mbadala.

Kama mimi ningeulizwa nimpe nani ushindi, ningempa mzee hoja na Mpandaji chumba. Katika nchi yenye jua hili, taa ya kupandia inastahili kazi ambazo jua haliwezi kumfanyia asiye na ardhi: kuotesha, kulea mche, na mazao ya siku kumi. Chochote kinachohitaji kiyoyozi ili kiishi, kiachwe kwa Lushoto.

MWENYE NYUMBA: Nina sharti la mwisho. Usiku akiwa hayupo, nikasikia harufu ya plastiki, nitazima wapi?

FUNDI: Nitaweka swichi nje ya mlango wa chumba, mama, inayokata laini nzima pamoja na betri. Nitaiandikia jina, na kabla sijachukua hela yangu utakuja kuizima wewe mwenyewe nikiwa nimesimama ndani.